Vua Saa Kwanza: Kwaheri, Manang Perlita

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, Manang Perlita Sabanal anastaafu baada ya kuhudumu miaka thelathini na moja katika chumba chetu cha shinikizo hapa Dauin, kinachotibu wazamiaji waliodhurika baharini. Kwenye karatasi yeye ni fundi. Kwetu ni Manang, dada mkubwa, na ole wake asiyemwitikia.

Kila mgonjwa alikutana naye mlangoni. Hakuuliza mtu alishuka kina gani, kwa kuwa alijua waongoza wageni wetu, wanaozamia nao baharini, huona haya kukitaja, hasa mbele ya matajiri wao. Alinyoosha mkono tu: "Vua saa kwanza. Kusema utasema baadaye." Saa ya mzamiaji huhifadhi kina na muda wa kila mbizi, nayo haina haya.

Tabu ilikuwa kuzisoma. Kila kampuni ilikuwa na programu yake, na waliotengeneza zile saa za bei nafuu, ambazo ndizo za vijana wetu, wengine walikwisha kufunga. Ndipo Manang akaikumbatia programu huria, inayotungwa na watu wa kujitolea kutoka kila pembe na kugawiwa bure. Kila Jumamosi aliazima saa za waongozaji, akachukua kumbukumbu zake na kuwatumia watunzi hao, ili waifunze programu kuzisoma. Tulimcheka mno. "Manang, unafungua duka la saa?" Naye hujibu, "Chekeni tu. Siku ikiletwa yako utanyamaza."

Ikaletwa ya Junrey Catada, mwongozaji. Alidai ameshtua mgongo tu, kwamba hakupita mita kumi na nane, na anataka kwenda nyumbani kulala. Miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi. Saa yake ilikuwa ya kampuni iliyofungwa, lakini programu ikaifungua: alishuka mita hamsini kuifuata kamera ya mgeni, kisha akapanda kwa pupa, na kupanda hivyo ndiko humdhuru mzamiaji. Manang akamwinamia. "Kazi utapata nyingine, 'Dong, mdogo wangu. Miguu je?" Junrey akaangua kilio, akakubali kuingia chumbani. Nasi tulilia, tusisingizie vumbi.

Tangu hapo waongozaji huvua saa hata kabla ya kusalimia.

Sasa siri itoke: Manang hajui kuogelea. Amesoma mbizi za watu maisha yake yote, na bahari haijampita magotini. Jumamosi, baada ya budbud za wali na sikwate, chokoleti yetu ya moto, ataingia majini akiwa na saa mkononi. Atakayemshika mkono ni Junrey, aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe kuiomba nafasi hiyo.

Asante, Manang. Tunakutakia maisha marefu na pumzi tele. Ukitoka majini, vua saa kwanza. Kusema utasema baadaye.