Chupa ya Kumi na Nne

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliopigiliwa juu ya magogo mawili, na msumari wa upande wa kushoto umetokeza kichwa, kwa hiyo mgeni tunamtambua kwa suruali iliyochanika. Liko mbele ya kibanda changu cha viatu. Mimi ndiye Gundi, na benchi ni langu, ingawa hakuna anayelikumbuka hilo ninapotaka kukaa. Alasiri hiyo walikuwapo wale watatu wa kila siku. Spana, fundi wa magari, haamini kitu asichoweza kukifungua. Wakili si wakili hata kidogo, ana mashine ya kutoa kopi na ulimi usiolala. Birika ndiye muuza kahawa, na vikombe vyake vinazidi kuwa vidogo kila mwaka. Mkononi nilikuwa na kiatu cheusi cha Mama Cherehani, fundi nguo wa nyumba ya tatu kutoka hapa, nakitia kisigino kipya kwa ajili ya kesho. Ndipo akaja Darubini, mstaafu wa maabara ya hospitali, ana daftari kuukuu kwapani. Akakaa juu ya ule msumari na wala hakuguna. Nikajua kuna jambo.

— Kahawa? Birika akamuuliza.

— Weka. Nina swali. Mtu wa imani, namaanisha imani ya kweli, siyo ya kuvaa. Ukiwa na kitu mkononi kinachoonyesha kwamba lile analoliamini halikuwa kweli, atataka umwonyeshe?

— Atake asitake, mwonyeshe, akasema Spana. Gari likija kwangu breki mbovu, mimi simuulizi mwenyewe kama moyo wake uko tayari.

— Breki unaishika, Wakili akadakia. Imani utaishikia wapi? Mimi ni mtu wa sala, nakujibu kwa niaba ya wote. Hatutaki.

— Wote? Nani kakutuma?

— Nimejituma.

Nikaweka nyundo chini. Sipendi mtu anayezunguka.

— Darubini, sema jambo lenyewe.

Alikuwa anakitazama kiatu.

— Cha nani hicho?

— Cha Mama Cherehani. Kesho anatoa ushuhuda, si unajua? Safari hii wanakuja watu mpaka wa mbali.

— Najua, akasema, akafungua daftari.

Ushuhuda wenyewe mtaa mzima tunaujua kwa moyo. Miaka kumi na miwili iliyopita Mama Cherehani alikwenda peke yake hospitali kupima damu, akaambiwa ana ule ugonjwa wa damu usiotibika. Akaaga watoto. Akafunga na kuomba siku arobaini. Akarudi kupima, damu ikawa safi, na madaktari wakatazamana. Tangu hapo kila wiki anasimama nyumba ya ibada akiwa na viatu vyeusi na kusimulia. Kuna watu mtaani hapa ambao imani yao yote imesimama juu ya ile damu.

— Juzi nilikuwa nahamisha kabati, akasema Darubini, nikakuta daftari langu la siku ile. Zamani foleni ikiwa ndefu nilikuwa naandika lebo mapema, moja hadi ishirini, nazibandika kwenye chupa tupu, nazipanga. Mtu akiingia, natoa damu, naitia kwenye chupa inayofuata. Haraka, kwa kufuata mpangilio wa rejista, hakuna kuulizana majina. Chupa ya kumi na nne ilikuwa yake, namba hiyo huitaja mwenyewe kwenye ushuhuda. Na hapa, kwa mwandiko wangu mwenyewe, mbele ya kumi na nne nimeandika: mtoto mgongoni, analia, nimemhudumia upesi.

— Si ana watoto, nikasema.

— Gundi, ushuhuda unausikia kila wiki. Alikwenda vipi?

Nikakumbuka. Peke yake. Watoto aliwaacha kwa dada yake, na sehemu hiyo ndiyo huwa inawaliza watu.

— Kwa hiyo aliyeingia wa kumi na nne siye yeye, akasema Spana polepole. Damu ya mtu mwingine imeingia kwenye chupa yake.

— Na yake ikaenda kwenye chupa ya mwingine. Hakuwahi kuugua. Hakuponywa. Lebo zilipishana, na aliyezipishanisha ni mimi.

Birika akasahau kumimina, na huyo huwa hasahau.

— Choma daftari, Wakili akasema.

— Wewe! Spana akang'aka.

— Choma! Ninyi hamjui mambo haya. Na tena, nani kawaambia Mungu hakuwamo? Labda alimponya kabla hajapimwa. Labda alimponya kwa kuzihamisha lebo zenyewe. Malaika anashindwa kuhamisha lebo?

— Malaika anaacha vita vyote duniani anakuja kubandua karatasi?

— Tena kwa mate! Gundi ya serikali ile, mate tu yanatosha.

— Mimi nasema iundwe wizara, Spana akasimama, na akisimama ujue hakuna wa kumkalisha. Wizara ya Ukweli Wenyewe. Kila baada ya miaka mitano raia anapelekewa fomu nyumbani. Unataka kujua? Ndiyo. Hapana. Weka alama ya vema. Ukiandika ndiyo, anakuja ofisa na begi, anakueleza yote, kuanzia Mungu mpaka mkeo.

— Fomu ngapi hizo? Wakili akauliza, uso umeanza kung'aa.

— Nchi nzima.

— Basi hapo naanza kukuelewa. Nina mashine.

— Hiyo wizara itavunja nchi, nikawaambia. Siku moja tu ofisa apite mtaa huu, jioni hakuna ndoa, hakuna timu ya mpira, hakuna fundi.

Birika akakohoa.

— Niwaulize kitu. Kahawa yangu mnaiamini?

— Kahawa safi, tukasema.

— Mwaka wa tisa mnakunywa. Mnataka niwaambie imo nini?

— Hapana! Tulisema wote kwa mpigo mmoja, na Spana ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.

Birika akatikisa kichwa, akarudi kwenye moto wake. Hapo ndipo nilipoona kivuli juu ya meza yangu. Mama Cherehani alikuwa amesimama nyuma ya kibanda, futi ya kupimia shingoni, pini mbili katikati ya midomo.

— Mbona kimya? akasema, akizitoa zile pini. Benchi hili toka nihamie halijawahi kunyamaza. Gundi, kiatu changu.

— Gundi haijakauka, mama.

— Basi nasubiri. Endeleeni.

Nani aendelee? Wakili alikuwa amekanyaga mguu wa Darubini, Darubini amelifunika daftari kwa viganja vyote viwili, na Spana, mtu wa kumwonyesha kila mtu breki zake, ghafla alikuwa anazikagua kucha. Nilikasirika. Watu wazima wanne na hakuna mwenye ulimi. Nikasema mimi.

— Mama, tulikuwa tunabishana. Mtu wa imani, kama kuna ukweli unaoweza kuivunja imani yake, angetaka kuujua?

Alitutazama mmoja mmoja. Yeye hupima watu kwa macho kabla hajagusa futi, na nadhani alishatupima.

— Ni mimi huyo?

Darubini akazidi kulikandamiza daftari.

— Nikishona suruali, mguu mmoja mfupi, mimi nataka mteja aniambie palepale dukani. Sitaki anipite nayo mtaani mwaka mzima huku watu wanacheka nyuma yangu. Lete hilo daftari, kaka.

— Mama, Wakili akainuka, siyo lazima. Imani yako imetusaidia wengi. Mke wangu, wakati ule...

— Wakili, kaa. Mungu ninayemwomba mimi si wa kufichiwa karatasi. Kama ananitaka nifumbe macho ndiyo abaki, basi nilikuwa namwomba mwingine. Kaka, nasikia.

Darubini akamwambia yote. Lebo, foleni, mtoto aliyelia. Alisema huku anatazama chini. Mama Cherehani alisikiliza akiwa amesimama, anaizungusha futi kidoleni, inajifungua, anaizungusha tena. Alipomaliza kusikiliza alikaa kwenye kiti changu cha kazi, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mtu aliyechoka.

— Siku arobaini, akasema. Niliwagawia watoto vyombo. Mkubwa nikampa cherehani, nikamfundisha kutia uzi usiku na mchana. Alikuwa na miaka tisa, anajichoma sindano na halii, asinihuzunishe.

— Nisamehe, akasema Darubini.

— Nyamaza kidogo. Sijafika huko.

Iliniuma. Nilitamani nimpokonye Darubini lile daftari nimpige nalo. Wakili alikuwa anafuta macho kwa fomu ya mteja wake. Tulikuwa tunamngoja alie, au aseme Mungu hayupo, au aseme Darubini ni mwongo. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa ameshamchagulia la kusema.

— Mtoto mgongoni, akasema badala yake. Ana shuka la rangi ya maziwa.

Darubini akainua uso.

— Nilikuwa mbele yake kwenye foleni. Mtoto analia mpaka anakatika pumzi. Nikamwambia, dada, tangulia, mimi sina haraka. Mimi ndiye niliyempisha.

— Kumbe, akanong'ona Spana.

— Na siku ya majibu tulikuwa naye tena. Yeye akatoka anacheka, anarukaruka na mtoto. Akanikuta nimekaa chini pale korido. Hakunijua jina. Alinishika mikono yote miwili akaniambia, dada yangu, usiogope, nitakuombea.

Akaitazama mikono yake.

— Aliniombea mimi, akasema. Nikiwa mzima. Sasa yeye nani alimwombea? Yuko wapi?

Tulikuwa tumekaa pale saa nzima na zaidi, tumeunda wizara, tumewashusha malaika, tumegombana mpaka kahawa ikapoa, na katika watu watano hakuna aliyekuwa ameuliza kwa sauti kwamba kama damu yake ilikuwa safi, ile nyingine ilikuwa ya nani. Nilimtazama Darubini, na usoni mwake nikaona kwamba yeye alikuwa ameuliza. Tangu juzi.

— Ndiyo maana silali, akasema. Nilikuja na nusu iliyo nyepesi. Nilidhani mkinijibu hiyo nitapata nguvu ya hii nyingine. Huyo niliandika hana kitu. Alirudi nyumbani bila dawa.

— Ule ugonjwa ulikuwa hauna dawa, nikasema.

— Wakati ule ilikuwapo ya kuupunguza makali. Na baada ya miaka minne ikaja nyingine, nzuri. Waliokuwa kwenye orodha waliitwa wote.

— Na yeye hakuwamo, akasema Mama Cherehani.

— Hakuwamo.

Mama Cherehani akainuka, akanyoosha mkono kwangu.

— Kiatu.

— Gundi haijashika, mama. Kitabanduka.

— Itashikia njiani. Kaka, jina lake limeandikwa?

— Kwangu mimi ni namba tu. Majina yako kwenye rejista ya hospitali. Kama hawajaitupa iko stoo.

— Hospitali inafunga saa ngapi?

— Bado saa moja na nusu.

— Simama basi.

— Na kesho? Wakili akauliza, sauti ndogo kama si yake. Watu wanatoka mbali, mama. Utawaambia nini?

— Wanatoka mbali, si ndiyo vizuri? Akakanyaga kisigino kukijaribu. Kesho nitasimama palepale. Nitasema chupa niliyopewa haikuwa yangu, na iliyokuwa yangu anayo mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto na shuka la rangi ya maziwa. Kama leo hatujampata, nitaomba anayemjua anyooshe mkono. Mengine mimi na Mungu tutayazungumza baadaye, na nina mengi ya kumwambia.

Wakaondoka, yeye mbele, Darubini nyuma na daftari lake. Wakili akakurupuka.

— Ngojeni! Nitoe kopi ya huo ukurasa kwanza, usije ukapotea! Akapaza sauti yule yule aliyesema lichomwe.

Tukabaki watatu. Birika alikuwa anakitazama kikombe cha Mama Cherehani, alikuwa amemmiminia na hakikuguswa.

— Nusu ni shayiri, akasema. Naikaanga mpaka inaungua.

Hakuna aliyemuuliza. Spana akachungulia kikombe chake muda mrefu, kisha akanywa kilichobaki chote.

— Yule mtoto, akasema, sasa ni wa miaka kumi na mitatu hivi.

Birika akainamisha birika. Halikutoa hata tone. Nikaanza kukusanya nyundo na misumari, ingawa jua lilikuwa bado juu na viatu vya watu vimenijaa.

— Unakwenda wapi? akaniuliza Spana.

— Hospitali ile ina stoo mbili. Rejista za miaka kumi na miwili, watu watatu watapekua mpaka lini?

Spana akajifuta mikono kwenye ovaroli.

— Na kufuli zake zina kutu, akasema, akachukua begi lake la vyuma.