Mzee Subiri Anaukabidhi Ukumbi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika chuo chetu cha uuguzi, fundi wa ukumbi mkuu, anayejulikana kwa wote kama Mzee Subiri, anastaafu. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake, na wote wenye kalamu nzuri wakasema wamebanwa na kazi. Jukumu likamwangukia mwenzake wa chumba cha vifaa, aliyeshirikiana naye meza, birika na lawama kwa muda mrefu. Mwenzake huyo ndiye mwandishi wa maneno haya. Anaomba radhi mapema kwa makosa yote ya kiufundi, kwa sababu hata leo akikabidhiwa waya hutazama kwanza ncha zote mbili, kisha humtazama Mzee Subiri.

Mzee alikuja hapa kama seremala. Viti vya ukumbi wakati ule vilikuwa vya mbao, vilivunjika kila muhula, na kazi yake ilikuwa kuvirudishia miguu. Projekta ya kwanza ilipoletwa ndani ya boksi, Mkuu wa Chuo wa enzi hizo aliuliza kwenye kikao ni nani anayeweza kuifunga darini. Wahadhiri wakainamia meza. Mzee akauliza kama ina skrubu. Akaambiwa inazo, tena nyingi. Akasema basi ni kazi yake, na hivyo ndivyo alivyoingia kwenye teknolojia, akiwa ameshika bisibisi.

Aliifunga imara mno. Jengo lingebomoka, projekta ingebaki pale pale ikining'inia. Kasoro ilikuwa moja tu: picha ilitoka kichwa chini miguu juu. Projekta ikifungwa darini inakuwa imegeuzwa, na ndani ya mashine kuna mahali pa kuijulisha hivyo. Yeye hakulijua hilo, wala sisi. Mhadhiri wa anatomia alifundisha moyo mzima ukiwa umepinduka, huku wanafunzi wamelaza shingo kama kuku wanaosikiliza kitu. Kwenye mtihani baadhi yao walichora mshipa mkuu ukitokea chini. Walipewa alama zao, kwani hivyo ndivyo walivyofundishwa. Aliyeisambaza hadithi hiyo ni Mzee mwenyewe. Kila mfanyakazi mpya aliyeingia chumba cha vifaa alisimuliwa hiyo kwanza, kisha ile ya siku aliyofungua mashine nzima kutafuta kwa nini haitoi mwanga, akaikusanya upya, halafu ndipo akaona kwamba kifuniko cha lenzi bado kipo.

Jina la Subiri lilitokana na kauli yake. Mgeni alipochomeka kompyuta na skrini ikabaki bluu, imeandikwa kwamba hakuna mawimbi, Mzee aliinua kiganja kuelekea hadhira na kusema, "Subirini kidogo." Hiyo kidogo haikuwa na kipimo. Kuna kikao cha bodi kilichofunguliwa, kikaenda kunywa chai, kikarudi, kikamkuta Mzee yuko juu ya ngazi na kiganja bado kimeinuliwa.

Tumhurumie lakini, maana wageni walikuja na mashine za kila namna, na kila moja ilikuwa na tundu lake. Kuna ule waya mnene wenye kichwa cha bluu na pini nyingi, unaobeba picha tu, mambo ya sauti hauyajui. Kuna ule mwembamba wa HDMI, unaobeba vyote viwili, ila sauti ikifika kwenye projekta inatokea darini kwa nguvu ya mbu. Na kuna zile nyaya tatu za zamani, ya njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti, ambazo mwandishi alizichanganya kila mara kwa uaminifu mkubwa. Mzee alikuwa na kanuni yake: unganisha sauti kwanza. Alisema mtu asiyeona atavumilia, lakini asiyesikia ataanza kuongea na jirani yake, na hapo umeshaupoteza ukumbi.

Zikaja spika zisizotumia waya kabisa, na hapo ndipo mwandishi alipojipatia umaarufu. Alikuwa amezijaribu kwa simu yake asubuhi, akasahau kuitenganisha nazo. Mkuu alipokuwa katikati ya hotuba kuhusu nidhamu kazini, ujumbe wa sauti ukaingia, mwandishi akaubonyeza akidhani atausikia peke yake sikioni. Ukumbi mzima ukasikia sauti ya mkewe ikitokea pande zote nne: "Baba Nanii, vitunguu usivisahau, na leo usije kuniambia tena eti mlikuwa kwenye kikao." Mzee Subiri aliinuka polepole, akazima spika, akamwambia Mkuu kwa heshima zote kwamba hitilafu imeshughulikiwa. Siku hiyo vitunguu havikusahauliwa.

Lakini siku ambayo kila mtu ataitaja leo akipewa maikrofoni ni ile ya mahafali ya mwaka alioanguka Mama Bweni.

Mama Bweni ni matroni wetu wa mabweni, na wengi mnaosoma hapa mliwahi kuamshwa naye kwa kugongewa mlango. Mwaka ule binti yake wa mwisho alikuwa anahitimu. Haikuwa safari nyepesi. Binti alianguka mtihani wa mwaka wa mwisho, akataka kuacha, akarudi nyumbani na sanduku lake, na ni mama yake aliyelibeba sanduku hilo kichwani kumrudisha bwenini. Sasa amefaulu, gauni la mahafali limepigwa pasi, na wiki hiyo hiyo Mama Bweni akateleza kwenye ngazi za bweni akavunjika nyonga. Alilazwa wodi ya wanawake ya hospitali, jengo lililo ng'ambo ya ua wetu. Mguu ulivutwa kwa uzito ulioning'inizwa ili mfupa ukae sawa, na daktari akasema hata kitanda kisisogezwe. Wauguzi walisema maumivu aliyanyamazia. Alichokuwa akikililia ni kwamba atasikia vigelegele kupitia dirishani na hatajua ni vya nani.

Mzee alikwenda kumjulia hali, akarudi chumba cha vifaa. Akauliza stoo kuna waya wa antena kiasi gani.

Wodini hakukuwa na televisheni. Chuo kilikuwa na projekta moja, na siku hiyo ilikuwa na mwenyewe: mgeni rasmi alishatuma taarifa kwamba anakuja na slaidi zake kuhusu hali ya uuguzi. Waliowahi kuziona katika vyuo vingine walisema mtu anaweza kuanza kuzitazama akiwa kijana. Asubuhi ya mahafali Mzee aliifungua projekta darini, akaiweka kwenye tenga la nguo za dobi, akaifunika kwa shuka na kuivusha ua. Kisha akaenda kumwambia Mkuu, kwa uso wa msiba, kwamba projekta imekataa. Mkuu hakuuliza hata swali moja. Kwa historia tuliyokuwa nayo, hakuna mtu chuoni ambaye angeshangaa.

Kamera ya video ya chuo iliwekwa nyuma ya ukumbi juu ya miguu yake mitatu. Kutoka kwenye tundu la njano Mzee aliunganisha waya wa antena, akaupitisha dirishani, juu ya paa la ujia, kando ya kamba za kuanikia nguo, hadi dirisha la wodi. Waya wa pili ulitoka kwenye amplifaya ya ukumbi ukaenda kwenye redio ya wauguzi, ili kila kinachosemwa jukwaani kisikike kitandani. Wauguzi walibandika shuka ukutani na kutundika mablanketi kwenye madirisha, kwa sababu projekta ile mchana ilikuwa dhaifu kama tochi yenye betri za mwaka jana.

Mwandishi alipangiwa kusimama kando ya kamera. Kazi yake ilikuwa kutogusa kitu. Aliifanya vizuri mpaka maandamano ya wahitimu yalipoingia, akarudi nyuma hatua moja ili kuwapisha, na kisigino chake kikachomoa waya wa njano. Wodini picha ikafa, ikabaki sauti. Mama Bweni, tuliambiwa baadaye, hakulalamika. Aligeuza tu uso upande wa redio.

Tulimwona Mzee Subiri, aliyekuwa wodini kando ya projekta, akikimbia. Alikatiza ua akiwa na suti yake pekee, akaruka beseni la nguo, akaingia kwa mlango wa nyuma, akautazama waya sakafuni, akamtazama mwandishi, akaurudisha mahali pake. Mtazamo ule mwandishi bado anaukumbuka kuliko karipio lolote. Jukwaani walikuwa wameanza kuita majina, na Mzee akatoka tena mbio ili akahakikishe picha imerudi.

Binti yake Mama Bweni alikuwa amedokezwa na Mzee mahali kamera ilipo. Alipoitwa alipokea cheti, akapeana mkono na kila aliyestahili, halafu, badala ya kushuka, akasogelea maikrofoni na kutazama nyuma kabisa ya ukumbi.

"Mama," alisema, "nimemaliza."

Ukumbini watu waligeuka kutafuta anaongea na nani. Upande wa pili wa ua, muuguzi wa zamu anasema Mama Bweni aliinua mkono kutoka kwenye blanketi akaunyoosha kuelekea lile shuka, kama anayemwekea mtu nguo sawa begani, na wagonjwa wote wodini, hata waliokuwa hawaongei, wakampigia makofi. Mzee alikuwa amefika mlangoni anahema. Aliyaona hayo, akaketi chini pale pale sakafuni na suti yake.

Mgeni rasmi, kwa kukosa slaidi, alizungumza kwa ufupi na vizuri. Ukumbi ulipotoka, Mkuu alimwomba waende wakamsalimie matroni aliyelazwa. Mwandishi hakuwa na habari hiyo. Alibaki peke yake na viti vitupu, kamera inawaka, maikrofoni iko hai, na akili haimtumi vizuri. Alipanda jukwaani, akavuta suruali juu ya tumbo kama mgeni rasmi, akakohoa kama mgeni rasmi, na akaanza: kama nilivyotangulia kusema kabla sijasema. Aliendelea kwa kitambo. Mwishoni alivishukuru viti kwa utulivu wao na akaviinamia.

Hayo yote yalikuwa yakionekana kwenye shuka, kwa ukubwa wa ukuta mzima, wakati Mkuu na mgeni rasmi wanaingia wodini.

Mkuu aliitazama projekta. Kisha akamgeukia Mzee. "Si uliniambia imekataa?"

"Kule ukumbini ilikataa, Mkuu," alisema Mzee Subiri, akijipangusa magoti. "Huku imekubali."

Mgeni rasmi alimtazama yule wa kwenye shuka mpaka alipomaliza kuinama. Halafu akasogea kitandani, akamuuliza Mama Bweni kama amefanikiwa kumwona binti yake.

"Nimemwona, mwanangu, na nimemsikia," alijibu Mama Bweni. "Na wewe nimekusikia. Mara mbili."

Ofisini kwa Mkuu, Jumatatu yake, hakukuwa na kicheko. Mzee alikuwa amedanganya na kumwaibisha mwajiri, na aliambiwa hivyo bila kuzungushwa. Cheo cha msimamizi wa vifaa, alichokuwa anakitarajia mwaka huo, alinyimwa, na alikuja kukipata miaka mingi baadaye. Msidhani alilibeba hilo kimya kimya. Alilalamika kila siku, hasa wakati wa chai, na hasa mwandishi akiwapo. Lakini alipoulizwa na Mkuu kama angerudia, alisema angerudia, ila angemchagua mtu mwingine wa kusimama kando ya kamera. Mkuu alimfukuza ofisini. Alipofika mlangoni akamwita tena, akamwagiza ule waya wa juu ya paa aupitishe kwenye bomba, ili mvua isiuharibu. Tangu hapo wagonjwa wa wodi ile huhitimu pamoja nasi kila mwaka, na chuo kilinunua projekta ya pili. Mwandishi naye hakupandishwa cheo, lakini hilo lilikuwa na sababu zake nyingine.

Mzee anaondoka akiwaacha ukumbini vijana aliowafundisha vizuri, na mwandishi ambaye alimfundisha kwa uvumilivu. Anarudi kwenye useremala. Mkewe, tunayemshukuru kwa kutuazima mume jioni nyingi, ametueleza kwamba wajukuu wameshaagiza meza, na kwamba yeye binafsi ameagiza kabati tangu enzi za viti vya mbao.

Ratiba inaonyesha kwamba baada ya kusomwa kwa maneno haya, picha za miaka yake ya kazi zitaonyeshwa ukutani, pamoja na salamu za sauti kutoka kwa wahitimu walio mbali. Atakayeunganisha ni mwandishi. Jana alifanya majaribio. Sauti ilitoka. Picha pia ilitoka, ingawa si kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo, Mzee wetu, tuna ombi moja kabla ya kukushukuru. Skrini ikibaki bluu, usiinuke. Tutakuona mikono ikikuwasha, tutakuona ukitafuta ngazi kwa macho, na bado tunakuomba ukae hapo karibu na mama watoto. Umetukimbilia vya kutosha. Asante kwa kila sauti uliyotufikishia na kila uso uliotuonyesha. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, ulale mchana bila kuitwa. Na picha zikigoma kabisa, tutasimama mmoja mmoja mbele ya ukuta mtupu tukusimulie kila iliyopaswa kuonekana.