Miaka Thelathini na Mmoja ya Kuchora Nyuzi za Kioo

Tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa maabara yetu ya leza atastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na mmoja. Sote humwita Mzee Tulieni, na jina hilo alilipata kwa haki.

Kazi yake ni kuchora kwa mwanga ndani ya uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Mwali wa leza hugawanywa kuwa miwili, kisha vioo viwili vya kuakisi huikutanisha miali hiyo juu ya uzi. Hapo inapokutana huacha maelfu ya michirizi katika upana wa ukucha. Uzi uliochorwa hivyo hurudisha rangi moja tu ya mwanga, na ukivutwa hata kidogo, rangi hiyo hubadilika. Ndiyo maana nyuzi zake zimefungwa katika madaraja na mabwawa, zituarifu mapema zege linapoanza kulemewa.

Mtikisiko mdogo huiharibu michirizi. Kwa dakika tatu za kuchora, hakuna aliyeruhusiwa kutembea, kufunga mlango wala kupiga chafya. Mkurugenzi aliwahi kusimama mlangoni, mguu mmoja juu, hadi taa nyekundu ya kuashiria uchoraji ilipozimika. Mkewe anasema kwamba hata nyumbani, mtu akitikisa meza, mzee huweka kijiko chini na kumkazia macho.

Alipoanza, tulikuwa tukitupa nyuzi saba katika kila kumi. Siku hizi hatufikishi moja. Pembe zote za vioo alizinakili katika daftari lake, na daftari hilo ndilo tulilotegemea litabaki nasi.

Mwezi Mei tukaingiwa na hofu. Mrithi wake, fundi aliyepima nyuzi zake kwa miaka minne, alilifuata daftari neno kwa neno, lakini kila uzi ukatoka na rangi isiyo sahihi. Daraja jipya lilikuwa likisubiri nyuzi kumi na mbili. Ilielekea kwamba ujuzi wote ungeondoka na mwenyewe.

Mrithi akamwomba achore huku yeye akimtazama. Uzi ukatoka barabara. Hapo akaona kwamba mzee, ili asitikisike, alikuwa ameegemeza kiwiko juu ya ubao unaobeba kioo cha kushoto.

“Mzee, hebu toa kiwiko hicho,” akamwambia.

Uzi uliofuata ukakosea kama wa mrithi. Kila pembe iliyoandikwa daftarini ilikuwa imebeba uzito wa mkono wake! Alicheka hadi akavua miwani. “Kumbe mimi ni kipuri cha mashine hii, nanyi mnanistaafisha!”

Hakuona haya kuanza upya. Kwa wiki tatu walipima kila pembe, ukurasa kwa ukurasa, mikono ikiwa mbali na ubao. Juma lililopita mrithi alichora nyuzi zote kumi na mbili peke yake, mzee akiwa ameketi ukumbini. Zote zimekubaliwa. Alipoletewa matokeo, aliyasoma mara mbili, akashusha pumzi, akaomba chai. Nasi pia tukashusha pumzi.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kazi safi, na zaidi kwa kulisahihisha kosa ungali nasi. Nenda ukapumzike bila wasiwasi. Nyuzi zinatoka sawa. Tunakuombea afya njema na miaka mingi ya furaha pamoja na mama na watoto.