Nani Alimwita Tutul kwa Nyuma?

Ukishuka stesheni ya Katwa ukafuata barabara inayoelekea mtoni, kona ya pili utatukuta. Huwezi kutukosa. Kuna kibaraza cha saruji mbele ya duka la dawa, kuna jiko la chai la Nimai, halafu kuna sisi. Kibaraza kinatosha watu watano, na mwenye akili kuliko wote ni mimi, Gonto, fundi baiskeli, niliyeacha shule darasa la nane kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha. Jumamosi ile baridi ilikuwa ndiyo imeanza kubisha hodi. Mianzi ya banda la sherehe ya Kali, mungu wetu wa kike, ilikuwa bado imesimama uwanjani, maana klabu yetu haing'oi mwanzi kama kuna jambo lingine linakuja, na jambo lilikuwa linakuja: kesho yake saa kumi jioni tungempokea rasmi Kaka Tutul, kwa shada la maua, shuka la begani na hotuba tatu.

Tatizo ni kwamba Tutul mwenyewe hakuwa na uhakika wa kuwepo.

Huyu Tutul alikuwa mwalimu wa kuchora. Mwaka jana alifunga mizigo akaenda kuanzia Almaty, akaendesha baiskeli peke yake mpaka Istanbul. Nchi sita, miezi kumi na mitatu. Magurudumu niliyafunga mimi, spoki sabini na mbili, moja moja, kwa vidole hivi hivi. Kwa hiyo kwa haki kabisa nusu ya safari ile ni yangu, ila klabu haijaniandalia shada.

Sasa ana siku tisa tangu arudi, na hatulii. Analala juu ya paa, ndani ya turubai lake la safari, wakati kitanda chake kimetandikwa chini. Wali anaula amesimama mlangoni. Asubuhi yuko mtoni, mchana yuko stesheni, jioni yuko mtoni tena, anatembea kama mtu aliyeacha kitu njiani. Baiskeli yenyewe bado iko ndani ya boksi lake la ndege, ukumbini, utepe wa gundi haujabanduliwa. Akipita hapa kibarazani tunamuuliza ni kilomita ngapi. Anazitaja, anapita.

Alasiri ile mama yake alikuja mwenyewe, na mama yake si mtu wa kuja kijiweni. Alisimama kando ya jiko, ncha ya sari kichwani.

— Kila alfajiri napanda juu kupapasa turubai kama bado lina mtu, alisema. Jana kaniuliza treni za kwenda Haora ni saa ngapi. Ninyi ndio wenzake. Mfanyeni akae.

Tukamwambia mama, usijali. Akatutazama mmoja mmoja.

— Na yule aliyemwita kwa nyuma siku anaondoka, ipo siku nitamjua.

Mimi nikakitazama kikombe changu cha udongo kana kwamba ndani yake kuna samaki.

Kila aliyezaliwa huku anajua: mtu akishavuka kizingiti kuanza safari, haitwi kwa nyuma. Ukimwita umeikata safari yake. Itabidi arudi, akae, anywe maji, ndipo aanze upya. Siku ile mama alishampaka alama ya mtindi kwenye paji la uso, mtaa mzima umejipanga, Tutul keshatoka, na hapo hapo sauti moja ikapasuka nyuma ya umati: "Kaka Tutul!" Akageuza shingo. Treni ilikuwa karibu, hakurudi kukaa. Akapunga mkono, akaenda. Mama kaishi miezi kumi na mitatu akiihesabia sauti ile kila homa na kila tairi lililopasuka.

Sauti ilikuwa yangu. Nawaambia ninyi tu. Alikuwa amesahau spana ya spoki. Bila spana ya spoki, magurudumu yangu yangepinda huko ugenini na jina langu lingepinda nayo. Nani angenyamaza?

Basi, mama alipoondoka, mkutano ukafunguliwa: kwa nini Tutul hakai?

Wa kwanza alikuwa Daktari Vidonge, mwenye duka la dawa tulilolipa mgongo. Anauza vidonge vitamu vyeupe kama mayai ya samaki, na hajawahi kukutana na ugonjwa asioujua. Alisema jambo ni rahisi. Miguu ikizunguka miezi kumi na mitatu, damu inaizoea ile mizunguko. Ukisimama ghafla yenyewe inaendelea, inafika kichwani, inazunguka huko. Dawa ni vidonge vinne chini ya ulimi na kumzungusha mgonjwa kinyumenyume.

— Kinyumenyume juu ya nini? nikamuuliza.

— Juu ya baiskeli. Fundi mzima hujui?

Mzee Ratiba akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Alikata tiketi stesheni miaka thelathini na mbili. Yeye alikuwa na ushahidi. Siku Tutul anashuka, mzee alilishika lile boksi kumsaidia, na lilikuwa jepesi. Jepesi mno. Hitimisho: ndani hamna baiskeli. Tutul aliiacha baiskeli mwezi wa pili, akamaliza kwa treni, na sasa anaogopa kesho klabu itamwambia apande jukwaani nayo.

Hapo nilisimama. Mtu akiniambia gurudumu langu lilipanda treni, ni kama kamtukana marehemu babu yangu.

— Mzee Ratiba, kwako wewe hata jua linakwenda kwa treni.

— Linachelewa kama treni, hilo nakubali.

Katibu wa klabu alikuwa anakunja kitambaa chenye jina la Tutul kwa herufi nyekundu. Yeye ana roho ya kuandaa. Akikaa bila kuandaa kitu anapata vipele. Kiti cha tano cha kibaraza, pale pembeni ya mfereji, alikuwa amekijaza vitambaa vya sherehe tangu mwaka jana. Akasema tunazunguka tu, mambo ya wazi tunayaogopa. Tutul ana mke huko. Irani, au Jojia. Picha moja aliyotuma ilikuwa na vikombe viwili vya chai.

— Kimoja kilikuwa cha mpiga picha, alisema Nimai kutoka jikoni.

— Na mpiga picha alikuwa nani? Hapo umejijibu.

Kutoka kwenye mke tukafika kwenye wake wawili, kutoka wake wawili tukafika kwenye kundi la kondoo, mahari ya baba mkwe. Daktari akasema kondoo wa kule wana mikia ya mafuta inayofaa kwa viungo. Mzee Ratiba akataka kujua kondoo wanasafirishwa kwa treni gani. Mimi, ili wajue akili ni nini, nikawaeleza kwamba jangwani joto linaingia kwenye bomba za fremu, lile joto haliwezi kutoka, na baiskeli ikiwa na joto ndani inamvuta mwenyewe usiku. Ndiyo maana Tutul halali kitandani. Anavutwa. Nikaona Daktari anatafuta kalamu.

Nimai akasema sufuria limekauka, maziwa yameisha, chai mpaka gari la maziwa lije. Hapo ndipo tukamwona.

Guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, lilitokea upande wa mtoni, dereva anakanyaga taratibu. Nyuma kulikuwa na boksi. Kando ya boksi anatembea Kaka Tutul, mkoba mgongoni, viatu vya safari miguuni, uso mbele. Wakapita mita tatu kutoka kibarazani. Hakututazama. Wakaelekea stesheni.

— Treni ya saa kumi na dakika hamsini, Mzee Ratiba alinong'ona. Zimebaki dakika kumi na nane.

Mngetuona mngecheka: wanaume wanne ambao hata polisi hawajawahi kutunyamazisha, tumefunga midomo kama tumeng'atwa na nyuki. Katibu kafumbata kitambaa chake kifuani. Mtu anaondoka. Haitwi kwa nyuma. Na mimi zaidi ya wote, kwa sababu kosa moja nilishalifanya.

Akatokea yule nesi mgeni, Sabiha, aliyepanga chumba juu ya duka la vitabu mwezi uliopita. Alikuja kununua biskuti. Akatazama guta, akatutazama sisi.

— Yule si ndiye mnayempokea kesho? Anakwenda wapi na boksi?

Hatukujua.

— Mbona hammwiti?

Katibu akamnong'oneza, dada, huyo yuko safarini, haifai kumwita kwa nyuma.

— Najua haifai. Kwetu pia haifai. Akiitwa inakuwaje?

— Safari inakatika, alisema Daktari.

— Halafu?

— Halafu anarudi, anakaa, anakunywa maji, ndipo...

Daktari akaligeukia guta. Sabiha alikuwa ameshika biskuti zake mkononi, anatusubiri.

— Na ninyi mnataka nini? aliuliza.

Wallahi sijawahi kuona swali dogo likikalia watu wazima namna ile. Mzee Ratiba aliangalia saa. Katibu akaangalia mianzi. Guta lilikuwa limefika kwenye nguzo ya umeme, likivuka hapo linapinda na halionekani tena. Nikaona kama mama anapanda ngazi alfajiri, mkono mbele, anapapasa turubai.

Nikapanda juu ya kibaraza.

— Kaka Tutul!

Sauti ile ile. Mimi nikipaza sauti, huwa inapasuka katikati kama ya jogoo mchanga, na mtaa mzima unaijua. Mlango wa nyumba ya tatu ukafunguka, na mama yake akatoka, ncha ya sari mdomoni. Alinitazama mimi, siyo mwanawe. Basi, akajua.

Tutul alisimama. Dereva wa guta naye akasimama, maana hata yeye ni wa huku, hawezi kumpeleka mtu aliyeitwa. Tutul akageuka pole pole, akarudi mpaka mbele yetu.

— Gonto, alisema. Ni wewe tena.

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia ni mimi siku ile, ni mimi leo, na kama kuna bakora zinazonisubiri basi aanze yeye, mama amalizie.

— Niliijua sauti. Kule Bukhara gurudumu la nyuma lilipopinda, nikakaa njiani nusu siku nakutukana wewe. Nikajiuliza, yule alikuwa anataka kunipa nini?

Nikaitoa mfukoni. Miezi kumi na mitatu naitembeza, imeshatoboa suruali mbili. Spana ndogo ya mviringo, haizidi kidole gumba. Akaipokea, akaigeuzageuza.

— Lilipinda? nikauliza, kwa sababu moyo uliniuma.

— Spoki mbili. Sabini zilifika.

Mzee Ratiba alikuwa na la kusema kuhusu treni, nikamkanyaga.

— Sasa umeitwa, alisema Sabiha. Inabidi ukae.

Tutul akatazama kibaraza. Sote tukakitazama. Sisi wanne tumejaa, na pale pembeni ya mfereji, mahali alipokuwa akikaa miaka yote kabla ya Almaty, kulikuwa na mlima wa vitambaa vya sherehe. Kwa siku tisa amepita hapa mara sita kwa siku, sisi tunamuuliza kilomita, na hakuna hata mmoja aliyesogea. Niliona masikio ya Katibu yakiwa mekundu. Aliinuka bila neno, akakumbatia vitambaa vyote, na kile chenye jina, akavitupa chini kwenye vumbi.

Tutul akakaa. Mkoba hakuuvua. Goti lake la kulia likaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama bado kuna pedali chini yake.

— Ulikuwa unakwenda wapi? nikamuuliza.

— Sijui. Nilitaka nifike stesheni kwanza, alisema akiitazama barabara. Miezi yote ile, jua likishuka nilikuwa na kazi moja, kutafuta pa kulala. Kila siku napapata, kila siku nafurahi kama mtoto. Hapa jua linashuka, kitanda kimeshatandikwa. Sina la kufanya na mikono yangu.

Daktari alitia mkono mfukoni kwenye kichupa cha vidonge, akaurudisha bila kitu. Siku hiyo nilimheshimu.

Nimai akasema samahani, chai hakuna. Mama akaja na bilauri ya shaba, maji matupu. Alipita mbele yangu bila kunitazama, na nikajua bakora zangu zipo, zimeahirishwa. Tutul akaipokea kwa mikono miwili, akanywa yote, koo linapanda na kushuka kwa mwendo ule ule wa goti.

Kwa desturi alikuwa ameshamaliza. Amekaa, amekunywa. Ruhusa anayo, anaweza kuinuka aende.

Mama alijua. Sote tulijua. Dereva wa guta aliegemea usukani wake, anasubiri. Mbali kidogo, upande wa daraja, ya saa kumi na dakika hamsini ikapiga honi, na mara hii ilikuwa kwa wakati. Mzee Ratiba akafumba macho.

Nikaruka chini. Nikavuta boksi kutoka kwenye guta, nikalilaza pale pale barabarani, nikachana utepe kwa meno. Baiskeli ilikuwemo. Vumbi la nchi sita, na gurudumu la nyuma likiwa na spoki mbili za kigeni zilizofungwa na mtu asiyejua kazi.

— Nani alikufungia uchafu huu? nikamuuliza. Hizi zitoke leo leo. Lete spana.

Hakunipa spana. Alishuka kutoka kibarazani, akachuchumaa upande wa pili wa gurudumu, akaanza kulegeza mwenyewe, vibaya, kwa mkono wa kushoto. Mkoba bado uko mgongoni. Treni ikaingia stesheni, ikakaa dakika zake mbili, ikaondoka.

— Siyo hivyo, Kaka. Unazungusha kinyume.

— Nionyeshe basi, alisema.