Hoho za Ansgar Kamili

Asubuhi ile ya mwaka 1974, kwenye benchi la kahawa la Buseresere, walikuwapo hawa: Muhidini bin Majaliwa, muuza kahawa, aliyeitwa Redio, Zamoyoni, mpima pamba wa chama cha ushirika, aliyeitwa Mizani, Athanas, dereva wa lori, aliyeitwa Breki ingawa hakuzipenda, na Ansgar Kamili, Msumbwa, mkulima, ambaye hakuwa na jina la utani. Miguuni pa Ansgar palikuwa na gunia la pilipili hoho. Msimu ule alikuwa ameacha pamba akapanda hoho bonde zima, na alfajiri mkewe Anisia alimwambia: gunia likirudi limejaa, nang'oa zote, narudisha pamba.

— Pilipili isiyowasha ni pilipili gani? Redio alianza huku akimimina kahawa. Hiyo imezeeka, ukali umeisha.

— Imezeeka ikiwa bado mbichi? Wewe nawe! alisema Mizani. Ukali wake umetolewa huko viwandani, kabla ya mbegu kuuzwa. Wanatengenezea baruti ya kupasulia miamba ya dhahabu.

— Semeni mtakavyo, alisema Ansgar. Ina vitamini. Inafaa kwenye maharage, kwenye wali, kwenye dagaa, hata mbichi na nyanya. Inaupa mwili nguvu ya kupambana na maradhi.

Breki alichukua moja, akaibonyeza kwa kidole gumba kama anayekagua tairi.

— Jamani, hii ina upepo ndani! Abiria akila tatu, akapanda nyuma ya lori langu, korongo la kwanza tu anapaa.

— Akidondokea ziwani? aliuliza Redio.

— Anaelea! Wavuvi wa Chato waache kununua maboya, wamfunge yeye kwenye nyavu.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Ansgar naye alicheka kidogo, kwa adabu, macho yakiwa kwenye gunia. Hoho za juu zilikuwa zimeanza kunywea.

Ndipo akafika Mwaisha, mwanamke aliyehamia kutoka Tabora mwezi uliopita na kufungua hoteli ndogo ng'ambo ya barabara.

— Shikamooni, wazee. Kelele zote hizi mnabishania nini?

— Marahaba, mama. Hoho.

— Zina ladha gani?

Redio akatazama birika. Mizani akamtazama Breki. Kisha wote wakamgeukia Ansgar.

— Baba, wewe si ndiye uliyezilima?

— Nimezilima, alisema Ansgar. Hata pamba nimeilima tangu ujana, sijaila.

Hakufanya mzaha. Bonde lile lilikuwa la mazao ya kuuza. Kilichotoka huko kilikwenda sokoni, hakikwenda jikoni. Yeye na Anisia hawakuwahi kufikiria vinginevyo.

Mwaisha alichukua mbili, akavuka barabara. Baada ya muda alirudi na sahani ya ugali na dagaa waliokaangwa kwa kitunguu, vipande vya kijani vikiwa vimetapakaa juu. Wakanawa. Redio alikula tonge la kwanza, la pili, la tatu, kimya.

— Leo redio haina betri! alisema Mizani.

— Nyamaza, dagaa wanaisha.

Ansgar alitafuna taratibu. Haikuwasha. Ilikuwa na utamu wa mbali, na harufu yake aliijua: ndiyo iliyokuwa mikononi mwa Anisia kila walipotoka kuvuna.

— Gunia nalichukua lote, alisema Mwaisha. Jumamosi niletee jingine.

— Nitakuletea, mama. Ila hoho moja nampelekea mke wangu, naye aonje.

— Na mbegu ulipata wapi? Nami nataka kupanda nyuma ya hoteli.

— Mbegu nitakupa, nimeacha mashina machache yaive. Mimi alinipa Bwana Gregory, bwana shamba wa Ushirombo. Breki, wewe unapita huko. Mwambie zimeliwa.

Breki alirudisha tonge kwenye sahani.

— Bwana Gregory amefariki, alisema. Tulimzika Jumanne.