Koti la Harusi Mbele ya Simu

Wazazi wenzangu, nianze na upumbavu wangu mwenyewe, kabla jirani yangu aliyekaa pale nyuma hajanisaidia kuusimulia. Mwanangu aliumwa kifua, nikamvalisha koti la harusi ili nesi amwone amependeza. Na huyo nesi alikuwa kwenye simu. Chekeni sasa hivi, maana mbele huko hamtacheka.

Mnanijua, mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka hapa Lufingo kwenda Tukuyu mjini, kwangu ni safari ya kuagwa. Korona ilipoingia tukaambiwa tutulie majumbani, wengine mliteseka. Mimi nilijiona nimepewa likizo.

Kliniki wakatugawia namba. Mtoto akiumwa, msije kujazana kwenye mabenchi, pigeni kwanza, nesi wa watoto atamwona kwa video. Akiona ni wa kuletwa, atawaambia. Ndugu zangu, nawaambia, kitu kile kilifanya kazi. Mwanangu alipoharisha, nesi alinielekeza namna ya kuchanganya ile dawa ya chumvi na sukari, akaniambia nimbane ngozi ya tumbo aone inavyorudi. Siku ya tatu mtoto anakimbiza kuku. Kasoro ilikuwa moja tu. Mke wangu aliitazama kona niliyokuwa nimekaa, akasema, "Yaani nesi kaona masufuria yangu yote, na mtoto ana fulana ya matundu." Lile neno nikaliweka moyoni.

Ukafika mwezi wa sita. Baridi ya kwetu ya mwezi wa sita sina haja ya kuwaeleza. Mke wangu yuko Masukulu anamuuguza mama yake, mtoto akaanza kukohoa. Nikajipanga. Nikafagia kona, nikampaka mtoto mafuta, nikamvika sweta mbili, juu yake kale kakoti alikovaa kwenye harusi ya mjomba wake, vifungo vyote hadi shingoni. Ndipo nikapiga.

"Baba, mbona kapendeza hivyo, anakwenda wapi?" nesi akauliza. Nikafurahi, mjinga mimi.

"Mfungue kifua nikione."

"Sista, kuna baridi huku. Anapumua vizuri tu."

"Anakula?"

"Anakula." Alikuwa amekula vijiko viwili vya uji, cha pili akakitapika.

Kwa nini nilidanganya? Niliogopa ataniambia nimlete, na huko hospitali, maneno ya mtaani yalisema, mnaingia wawili anatoka mmoja. Nesi akanitajia dalili za hatari: akihema harakaharaka, au mbavu zikibonyea, usipige simu, njoo. Nikasema sawa. Dalili zote zilikuwa ndani ya koti, na mimi ndiye niliyefunga vifungo.

Kesho yake mchana jirani yangu akaja kuomba moto. Alimwona mtoto mkekani, macho nusu. Hakunisalimu. Alipiga magoti, akaanza kufungua vifungo, akasema neno ambalo nitalitaja mwisho, likinikubali. Kisha akasema, "Lete hiyo simu yako."

Safari hii nesi alikiona kifua. Akasema, "Tuhesabu pumzi zake pamoja, dakika nzima." Tulipofika hamsini mimi nikaacha. Wao wawili waliendelea.

"Mleteni sasa hivi," nesi akasema. "Mimi naandaa oksijeni."

Bodaboda, matope, mtoto katikati yangu na dereva, amefunikwa khanga ya jirani. Tulipofika, nesi alikuwa amesimama mlangoni na barakoa yake, hakuna aliyetuuliza jina kwanza. Tulikaa wodini siku tisa. Mke wangu alitukuta huko, akamshika mtoto miguu, hakuniuliza kitu. Hadi leo hajaniuliza, na afadhali angeuliza.

Mwanangu yu hai. Sasa anasoma. Lakini wenzake wakikimbia yeye hukaa kwenye ngazi ya darasa, na kila mwezi wa sita tunalala tukimsikiliza. Daktari alisema pafu moja lilibaki na kovu. Hakusema ni kwa ajili ya ile siku moja niliyompotezea. Sikumuuliza.

Namshukuru yule nesi, aliyetibu watoto wetu wengi bila kuwagusa. Namshukuru mke wangu kwa ukimya wake, ingawa ni mzito kuubeba. Na wewe bibi jirani pale nyuma, ndaga fijo, asante sana. Wenzangu, siku hizi mkitaka kumpigia nesi kwa ajili ya mtoto, niiteni niwashikie simu. Nitakuja, mimi nisiyetoka. Nitawaambia mvueni nguo, na semeni kilichotapikwa kimetapikwa. Simu huona kile tunachokubali kionekane, basi.

Sasa lile neno. Alikuwa amefika kifungo cha tatu, hakunitazama hata usoni, akasema:

"Anayevalishwa hivi ni maiti, baba. Mgonjwa huvuliwa."