Mwalimu Tabea na Vipepeo wa Bwawani

Kamwene, wasikilizaji wapendwa, mlioko Njombe mjini, Makambako, hadi kule Lugarawa. Leo tunamkumbuka Mwalimu Tabea Mligo. Mwalimu Tabea, mama wa vipepeo, alifariki dunia Jumapili iliyopita, nyumbani kwake Lyamkena.

Alipostaafu kufundisha, alihamia karibu na bwawa. Mvua ikikatika tu, humpati nyumbani. Yuko ukingoni, ameinama juu ya tope, pale vipepeo wanaposhuka kunyonya maji. Wa manjano, wa buluu wadogo kama kucha, na weusi wakubwa wenye mikia.

"Njooni muone!" aliwaita wapita njia. "Njooni, kabla hawajaruka!"

Kisha ikaja miaka ya biashara huria. Maduka ya dawa za kilimo yakafunguliwa kila kona ya Makambako. Mansoor, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Tanga, alikuwa na duka moja, na shamba la viazi kando ya bwawa. Akaona viwavi kwenye vichaka vya ukingoni. Akaogopa watahamia kwenye viazi. Akatuma vibarua na mabomba ya kupulizia.

Mwalimu Tabea akasimama mbele ya vichaka. "Nipulizieni mimi kwanza."

Hakusogea. Vibarua wakamwita tajiri wao.

"Mwalimu, hawa watanimalizia shamba!" Mansoor alifoka.

"Hawali viazi, Bwana Mansoor. Chukua mmoja, mfungie na jani la kiazi. Akilila, bomba nitalishika mwenyewe."

Mansoor akakubali. Kiwavi akawekwa ndani ya chupa, juu ya kaunta, katikati ya makopo ya dawa. Jani la kiazi likanyauka bila kuguswa. Mwalimu akaleta jani la kichaka, lile linalonukia kama limau. Kiwavi akalitafuna lote! Baadaye akajifunga kwenye kijiti, akakauka kama kipande cha ukuni.

"Huyo amekufa," wateja wakasema.

Mwalimu naye akaingiwa na hofu. Duka zima lilinuka dawa.

Halafu siku ya gulio, duka limejaa watu, Ashura, mke wa Mansoor, akapiga kelele: "Jamani, anatoka! Anatoka!"

Mwalimu Tabea alikuja mbio, khanga inamdondoka. Mabawa yaliyokunjamana yalikuwa yakijinyoosha, meusi, yenye madoa ya manjano. Alicheka, alilia, vyote kwa pamoja. Chupa ikafunguliwa, kipepeo akaruka juu ya makopo, akatoka mlangoni. Na Mansoor, mtu mzima na kofia yake, akamkimbilia mpaka barabarani!

Vichaka vile havikupuliziwa dawa. Ng'ambo ya bwawa watu walifyeka, na huko vipepeo sasa ni wa kutafuta. Lakini upande wa Mwalimu bado ni rangi tupu. Mansoor ametuambia: "Kila mteja wa bwawani namwonya, dawa iishie shambani. Ukingoni usiguse."

Binti wa Mwalimu, Rejoice, ametusimulia hivi: "Mwishoni macho ya mama yalififia. Nikamshika mkono hadi bwawani. Nikamwambia, mama, kuna weupe. Akaniuliza, weupe mpaka wapi? Tazama ncha za mabawa. Nikainama. Zilikuwa na rangi ya chungwa. Nimeishi pale miaka yote, sikuwahi kuziona."

Pole sana, dada Rejoice. Poleni wana Lyamkena, na ninyi nyote aliowafundisha. Mungu ampumzishe Mwalimu wetu. Nawe unayetusikiliza, ukitoka nje leo jiulize: ni kitu gani kiko jirani yako siku zote, na bado hujakiinamia ukakitazama?